Mbuzi wa Kosa Langu

Milembe alipofariki, watoto wake walinipa kazi ya kuandika wasifu wa marehemu, kwa kuwa mimi, wanasema, nina maneno. Ni kweli ninayo, na sijawahi kuyaonea haya. Niliandika ukurasa mmoja: alizaliwa wapi, alibatizwa lini, alilima nini, ameacha watoto na wajukuu wangapi. Mwinjilisti akausoma, watu wakaitikia amina, tukazika. Baadaye tulipokaa mkekani tukisubiri wali uive, mama mmoja kijana, aliyeolewa pale kijijini akitokea Mwandoya, akauliza kama ni kweli huyu bibi aliwahi kutozwa mbuzi na sungusungu. Wazee waliokuwa karibu wakacheka, kisha wakanitazama mimi. Nikamjibu kwamba ni kweli alitozwa, na nyama ya mbuzi huyo niliila. Yule mama kijana akadhani namtania, akaomba chumvi ya maharage. Sikumfafanulia, maana msibani habari ndefu hukatizwa na kila anayefika kulia. Hapa hakuna wa kunikatiza.

Mwaka wenyewe ni ule ambao soko la pamba lilifunguliwa. Kabla ya hapo, sisi wa vijiji vya Bariadi tulikuwa na mnunuzi mmoja tu, chama cha ushirika. Ulipeleka pamba yako, ukapewa karatasi, ukarudi nyumbani kusubiri. Mwaka ule wakaja wanunuzi binafsi na magari yao, wakashindana kutuita shemeji na wakwe. Mmoja aligawa kanga, mwingine akagawa sabuni, na kijiji kizima kikawa kinanukia sabuni moja. Mashineni, tulipokuwa kwenye foleni ya kusaga, niliwasikia wazee wawili wakibishana juu ya neno jipya la redioni. Mmoja akauliza hii huria maana yake nini hasa. Mwenzake akatema tumbaku, akasema, "Maana yake kila mtu na lwake, na atakayeanguka asimwite mwenzake." Tulicheka wote. Mimi nilicheka zaidi, kwa sababu nilikuwa na miaka ishirini na miwili na sikuona kwa nini nianguke.

Nilikuwa nikiishi peke yangu katika nyumba ya vyumba viwili, kwa sababu ambazo hazina nafasi katika habari hii. Chumba kimoja nililala, kingine kilikuwa cha pamba. Anayejua pamba anajua chumba chake kinavyokuwa: mzigo wa kwanza unauheshimu, unauweka pembeni, kufikia wa tatu unakula umekaa juu yake, na nyuzi zinaingia hadi kwenye mboga. Nililima shamba langu kwa mikono yangu na nililima vizuri, hilo naomba lieleweke. Kosa langu halikutokana na uvivu. Lilitokana na cherehani. Nilikuwa nimeiona dukani Bariadi mjini, nyeusi, ya miguu, yenye maua ya dhahabu ubavuni, na nilipoiona niliamua kwamba ni yangu na wengine wote wanaoishikashika wananichafulia. Pamba yangu ilikuwa nyingi, lakini haikutosha cherehani. Ilibaki kidogo tu.

Na kila mtu alijua jinsi ya kuongeza hicho kidogo. Pamba hunywa maji, na ikinywa huwa nzito. Wakati wa chama watu waliona haya kidogo, maana karani alikuwa mtoto wa hapo hapo, lakini huyu mnunuzi wa kutoka Mwanza nani alimjua? Wenye uzoefu wa wizi huo walinyunyiza asubuhi ile ile ya kuuza, maji kiasi cha kukung'uta vidole. Mimi sikuwa na uzoefu. Nilikuwa na bidii tu, na bidii katika mambo mabaya ni hatari kuliko uvivu. Nilinyunyiza jioni ya kuamkia mauzo, beseni zima, nikaufunga mzigo barabara ili unyevu usitoke. Asubuhi tukaambiwa karani ameishiwa fedha, amekwenda Mwanza kufuata nyingine. Alikaa huko siku sita. Mzigo wangu ulikaa siku zote hizo kwenye chumba chenye joto, na mimi niliogopa kuufungua nisije nikapoteza uzito nilioupata.

Ndani ya siku hizo sita habari mbaya ikafika. Gari zima la pamba iliyotoka kijijini kwetu lilikuwa limekataliwa kiwandani kwa sababu ya maji na mchanga. Mnunuzi akatuma ujumbe kwamba likirudia, atahamisha mizani yake kijiji cha jirani. Maduhu, aliyekuwa kamanda wa sungusungu, walinzi wa kijiji, akaita mkutano kwenye uwanja wa ofisi ya kijiji. Alikuwa mtu mwembamba, mpole nyumbani kwake na mkali uwanjani. Sheria ikapitishwa mbele yetu sote. Pamba ya maji ikikutwa nyumbani kwa mtu, kabla haijapelekwa kuuzwa, na mwenyewe akakiri, mchenya wake, yaani faini yake kwa kijiji, ni mbuzi mmoja. Ikishafika mizani, huo ni wizi kamili: fahali mmoja, na kutengwa msimu mzima. Waliozaliwa mjini hawajui kutengwa ni nini. Hakuna wa kukusalimia wala wa kuitikia salamu yako. Ukifika kisimani, wanawake wanabeba ndoo zao na kuondoka. Ukifiwa, unachimba kaburi mwenyewe. Nilikuwa nimekaa mstari wa mbele siku ile, nami nilinyoosha mkono kuunga sheria.

Utaniuliza kwa nini sikwenda nyumbani nikaimwaga ile pamba juani. Nimejiuliza miaka mingi, na jibu ni lile lile: nilidhani mimi ni mjanja. Karani aliporudi, nilimkodi mtu wa punda, tukaubeba mzigo hadi kwenye ghala la zamani la chama, ambalo sasa mnunuzi alikuwa amelipanga. Ghala lile lilikuwa na harufu ya magunia na panya, na ukutani bado kulikuwa na alama za chaki za makarani wa miaka iliyopita. Karani wa Mwanza alikaa nyuma ya meza na chupa yake ya chai. Mbele yake, kabla ya mizani, alisimama Milembe.

Milembe alikuwa mjane wa makamo, mnene, mwenye mikono mirefu kuliko kimo chake. Alikuwa amechambua pamba chamani tangu usichana wake, na mnunuzi alimwajiri akague kila mzigo kabla ya kupimwa. Kazi yake aliifanya bila kuangalia. Alitumbukiza mkono mzigoni hadi kiwiko, akatazama pembeni, akaongea na watu habari za mvua na harusi, na mkono ukitoka ulikuwa umeshajua kila kitu. Kama ni pamba safi alisema safi, kama ni fifi, ile chafu ya bei ya chini, alisema fifi, na hakuna aliyembishia. Zamu yangu ilipofika nilimwamkia kwa Kisukuma, kwa sauti ya kujiamini kabisa.

"Wangaluka, mayu."

"Wangaluka, ng'wanone. Mhola?"

"Mhola duhu."

Aliniita mwanangu, na mkono ukaingia. Alikuwa akimweleza mtu nyuma yangu jinsi ya kutibu kuku wenye mafua, na katikati ya sentensi akanyamaza. Mkono ulitoka polepole, ngumi ikiwa imefungwa. Akaifungua kidogo, chini ya tumbo lake, mahali ambapo mimi tu ningeweza kuona. Kiganjani kulikuwa na mbegu ya pamba iliyoota. Ilikuwa na mkia mweupe urefu wa kidole na vijani viwili vya manjano vilivyokunjana. Nilitia maji, nikaweka joto, nikasubiri siku sita. Mkulima yeyote angeniambia kinachofuata. Nilikuwa nimelima shamba ndani ya mzigo.

Nyuma yangu palikuwa na watu kama thelathini. Maduhu mwenyewe alikuwa mlangoni, rungu kwapani. Nilijua kwamba akifungua mdomo, maisha yangu pale yamekwisha. Milembe alifunga ngumi, akaniangalia usoni, kisha akageuka kwa karani na kusema kwa sauti yake ya kawaida, "Huu una majani makavu mengi. Hajauchambua vizuri huyu. Arudi nao." Halafu akanigeukia. "Upeleke kwangu, ni karibu. Nikitoka hapa nitakuonyesha watu wanavyochambua pamba. Msichana mzima hujui kuchambua!" Watu wakacheka. Sijawahi kufurahi kuchekwa kama siku ile.

Nyumba yake ilikuwa ya matofali ya kuchoma, na sebuleni kulikuwa na viti vinne vyenye vitambaa alivyovifuma mwenyewe, picha ya kipaimara, na mtungi wa maji wenye kata juu yake. Nilikaa ukingoni mwa kiti nikisubiri hukumu. Alirudi mchana, akavua viatu, akapika. Ndiyo, alipika kwanza. Ugali wa mtama, mlenda, na kibakuli cha maziwa ya mgando, akaniwekea upande wangu sehemu yenye mafuta. Nilipomaliza kunawa, akafungua mzigo wangu kwenye mkeka uani, na harufu ya uji uliochacha ikajaa kote. Tukachuchumaa, tukaanza kutenga: iliyoota huku, iliyochafuka huku, iliyopona kule. Mwishowe nilishindwa kuvumilia, nikamwuliza kwa nini hakupiga yowe.

"Ningepiga, wangenisifu leo," alisema, bila kuinua macho. "Kesho nikikukuta kisimani ningekuambia nini?"

"Ungenipita tu. Sheria ndiyo inavyosema."

"Mimi mtu akinipita nikampita, siku hiyo silali. Toa hiyo, imeoza, unaichanganya na nzima."

Hayo ndiyo maelezo yote niliyowahi kupata. Sikupewa wosia wala mstari wa Biblia. Kwa siku tatu nilikwenda kwake asubuhi, nikaanika, nikageuza, nikachambua. Asubuhi alinipa michembe, viazi vitamu vikavu, ya kuchemsha na karanga, na alinifokea pale tu nilipofanya kazi ovyo. Nilianza hata kurudiwa na kiburi changu. Niliona jambo limekwisha, na kwamba nimeponea kwenye tundu la sindano.

Siku ya tatu nilikuwa ndani ya chumba chake cha pamba, nikipanga iliyokauka, niliposikia mtu akibisha hodi uani. Ilikuwa sauti ya Maduhu. Ukuta wa chumba kile ulikuwa na tundu za hewa juu karibu na paa, kwa hiyo nilisikia kila neno. Walisalimiana vizuri, wakaulizana mifugo na watoto. Kisha Maduhu akakohoa.

"Dada Milembe, mke wangu alipita hapa juzi akienda mashineni. Anasema aliona pamba mkekani kwako. Anasema imeota."

"Ngolo ana macho mazuri," Milembe alisema.

"Ni ya nani?"

Nilikuwa nimeshika fumba la pamba kifuani. Mlango ulikuwa hatua tatu kutoka nilipokuwa. Nataka niandike kwamba nilitaka kutoka na miguu ikakataa, lakini si kweli. Sikutaka kutoka. Nilitaka Milembe aseme uongo, na nilimwombea kwa Mungu auseme vizuri.

"Iko uani kwangu, itakuwa ya nani? Ni yangu."

"Wewe? Mkaguzi?"

"Tamaa haimjui mkaguzi, Maduhu. Niliitia maji, nikajirudi, nikaianika. Mizani haijaiona. Kwa hiyo ni mbuzi, au nimesahau sheria?"

Maduhu akasema hajasahau, ni mbuzi, na kwamba moyo unamwuma. Milembe akamwambia asiumwe moyo, mbuzi yupo, achukuliwe hata leo. "Na aliwe upesi," akaongeza. "Jambo likikaa linanuka." Maduhu alipoondoka, Milembe aliingia chumbani, akanikuta nimesimama na lile fumba. Nilifungua mdomo. Akanionyesha kidole. "Wewe ni fahali na kutengwa. Mimi ni mbuzi. Hesabu hiyo nayo hujui?" Akatoka kwenda kukamua.

Kwa hiyo Milembe alilipia kwa mbuzi, na si kwa mbuzi tu. Karani alipopata habari alimwambia akae nyumbani, na mbele ya mizani akasimamishwa kijana wa Mwanza asiyejua safi wala fifi. Kisimani nilisikia wanawake wakisema hata Milembe, kumbe hata Milembe. Niliinamia ndoo yangu. Nilikuwa nimeponea kutengwa, nami nikajaza ndoo, nikaondoka.

Mbuzi alichinjwa Jumamosi, mchana, kwenye uwanja wa ofisi ya kijiji. Mila ya pale kwetu ni hii: mchenya haugawanywi na sungusungu, unagawanywa na mkosaji mwenyewe, kwa mkono wake, mtu mmoja mmoja. Ukipokea kipande na kukila, umemsamehe. Ukikikataa, unasimama na kusema kwa nini. Nikamwona Milembe akipita na sinia kubwa, jasho likimtoka, akisimama mbele ya watu aliowazidi umri na heshima, akiinama na kusema, "Nimekosa, pokea." Nao wakapokea, wengine kwa huruma, wengine kwa macho ya kumpima. Ngolo, mke wa Maduhu, alipokea akiwa ameangalia pembeni. Kisha sinia likafika kwangu.

"Nimekosa, pokea," Milembe akaniambia, na akainama vile vile.

Sikuweza kunyoosha mkono. Watu walianza kugeuka. Akanong'ona bila kusogeza midomo, "Kula, ng'wanone. Usipokula watauliza." Nikachukua kipande cha ubavu. Kwa mila ile, mimi ndiye niliyekuwa nikimsamehe yeye kwa pamba yangu. Nikatafuna. Nyama ilikuwa laini, imeiva vizuri, na nasema ukweli kwamba hakuna kitu kichungu nilichowahi kula kama ile. Nikaimeza kwa sababu kuitema kungemfedhehesha. Niliposikia imefika chini, nilisimama. Milembe alinishika upande wa kanga. Nikaichomoa mkononi mwake.

Nilisema kwa sauti kubwa, kwa kuwa sijui kusema kwa ndogo. Nilisema pamba ni yangu, maji niliyatia mimi, beseni zima, na kwamba iliota kwa ujinga wangu. Nilisema mama huyu aliikuta mzigoni kwangu akanificha. Maduhu akanijia, uso umembadilika.

"Ilikuwa mzigoni? Wapi?"

"Ghalani."

"Ilifika mizani?"

"Ilifika."

Zikaanza kelele. Mwingine alitaka fahali papo hapo, mwingine akasema wote wawili watengwe, mwizi na mficha mwizi. Milembe aliweka sinia chini taratibu, akajifuta mikono kwenye kanga.

"Maduhu, mbuzi wa pamba hii mmekula au hamjala?"

"Tumekula, lakini ulitudanganya."

"Nilidanganya, na nimeinama mbele ya kila mmoja wenu nikasema nimekosa. Hamkuniuliza nimekosa nini. Mkapokea. Pamba ni moja, maji ni yale yale, mmeshayasamehe na mifupa ni hiyo hapo. Sasa anayetaka kuhukumu mara ya pili, aanze kwa kutapika."

Mzee mmoja nyuma kabisa aliangua kicheko, kisha mwingine. Wazee watano wakajitenga pembeni, wakanong'onezana kwa muda mrefu, huku mimi nimesimama peke yangu katikati ya uwanja na mafuta ya mbuzi mdomoni. Waliporudi, Maduhu alitangaza kwamba kesi imeliwa, na kesi iliyoliwa hairudi. Karani, aliyekuwepo kwa ajili ya supu, alimwambia Milembe arudi kazini Jumatatu. Lakini Maduhu alinisogelea na kuniambia kwa sauti ya chini, bila ukali, "Fahali nimekuondolea. Ila kusalimiwa, binti, siwezi kumlazimisha mtu."

Niliondoka na maneno hayo. Leo nimeshona mashela ya nusu ya mabibi harusi wa pale kijijini, maana cherehani niliipata msimu uliofuata kwa pamba kavu, na naingia nyumba yoyote bila kubisha hodi mara mbili. Watu wanaonijua sasa hawaamini kwamba kuna asubuhi niliyoogopa kufungua mlango wangu mwenyewe. Niliogopa. Jumapili ile nilifagia uwanja nikiangalia chini, ili mtu akipita bila kusema neno nisimwone akipita. Walipita wawili. Nikarudi ndani, nikawasha moto, nikakaa nautazama.

Jua lilipokuwa limepanda kiasi, nikasikia nyayo uwanjani, halafu sauti ya mwanamke. "Wangaluka." Nilitoka. Alikuwa Ngolo, mke wa Maduhu, yule aliyeiona pamba mkekani. Alikuwa amebeba kibakuli kitupu cha bati. Niliitikia, na sauti yangu ilitoka nyembamba.

"Nimeishiwa chumvi," alisema. "Unayo?"

Nilikuwa nayo. Na nilijua, kama kijiji kizima kilivyojua, kwamba mume wake alikuwa amerudi kutoka Nyashimo wiki ile ile na mfuko mzima wa chumvi juu ya baiskeli. Nilichukua kibakuli, nikaingia jikoni, nikalia huku nachota, nikajifuta uso kwa kanga. Nilipotoka nilimkuta ameshajivutia kigoda, amekaa, anachambua mboga zangu.